Somo: Jaza mwenyewe fomu ya DS-160 ya viza ya Marekani, hatua kwa hatua

Habari za saa hizi wadau. Wengi mmeniuliza kuhusu viza ya matembezi ya Marekani, ile B1/B2, na karibu wote swali ni lile lile, nimtafute nani anijazie fomu. Usimtafute mtu, jaza mwenyewe. Haitaki utaalamu, inataka utulivu na Kiingereza cha kawaida tu, na kama Kiingereza kinakupiga chenga kaa na mtu pembeni akutafsirie lakini kila jibu liwe lako, maana siku ya intavyuu ni wewe utakayesimama dirishani na majibu yote ofisa anayo mbele yake.

Kabla hujawasha kompyuta andaa vitu mezani. Paspoti, na kwa kawaida iwe na uhai wa miezi 6 zaidi ya muda utakaokaa kule. Tarehe za kuzaliwa za baba na mama. Anwani utakayofikia na jina la mwenyeji wako. Kazi ulizofanya na shule ulizosoma kuanzia sekondari, pamoja na tarehe. Namba za simu, imeili na majina unayotumia kwenye mitandao ya kijamii kwa miaka 5 iliyopita, hilo wanauliza kweli, msishangae. Nasisitiza hili la kuandaa kwa sababu ukikaa dakika 20 hujagusa kitu fomu inakutoa, na kama hukusevu basi kazi imepotea.

HATUA 1. Ingia ceac.state.gov. Angalia vizuri juu kwenye anwani, fomu halisi inaishia na .gov, ziko tovuti zimepambwa bendera na tai zikikutoza hela ya kujaza fomu, na fomu yenyewe ni bure. Chagua ubalozi utakaofanyia intavyuu, andika zile herufi za picha, kisha bonyeza sehemu ya kuanza maombi mapya.

HATUA 2. Utapewa namba ya maombi, inaanza na AA, na utachagua swali la siri na jibu lake. Hapa simama kwanza, chukua kalamu, andika ile namba kwenye karatasi na jibu la swali vile vile kama ulivyolichapa. Mimi niliiandika nyuma ya bahasha, intaneti ikakatika nikiwa kwenye ukurasa wa kazi, na ile bahasha ndiyo iliyonirudisha. Ukitaka kuendelea na fomu uliyoiacha wanataka hiyo namba, herufi 5 za mwanzo za jina lako la ukoo, mwaka wa kuzaliwa na jibu la siri. Fomu inakusubiri siku 30.

HATUA 3. Taarifa zako. Jina liandike kama lilivyo kwenye paspoti, herufi kwa herufi, sio kama mnavyoitana nyumbani. Kama uliwahi kutumia jina jingine, mfano kabla ya kuolewa, sema ndiyo na uliandike. Swali lisilokuhusu, kama namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani, kuna kiboksi cha kusema halinihusu, kitiki, usibuni namba.

HATUA 4. Safari. Kama hujapanga tarehe kamili weka ya makadirio na muda utakaokaa, inaruhusiwa. Tiketi usinunue kabla viza haijatoka, hata balozi zao zinasema hivyo.

HATUA 5. Maswali ya usalama na ya safari za nyuma. Yanachosha, ni ndiyo na hapana mfululizo, mkono unazoea kubonyeza hapana tu bila kusoma, na hapo ndipo watu wanaumia. Binamu yangu wa kike alilipa jamaa amjazie, kwenye swali la kama uliwahi kunyimwa viza ya Marekani jamaa akabonyeza hapana, kumbe binti alishanyimwa. Ofisa akamuuliza taratibu, hujawahi kuomba viza kwetu? Binti hakujua hata fomu yake inasema nini, alibaki ameshika karatasi zake anatetemeka. Iliniuma sana kwa sababu kunyimwa mara ya kwanza sio kosa, watu wananyimwa na baadaye wanapewa, ila kudanganya kwa makusudi kunaweza kukufungia mlango maisha.

HATUA 6. Picha. Ya mraba, iliyopigwa ndani ya miezi 6, ukuta mweupe nyuma, uso mzima unaonekana na miwani vua, miwani ilikatazwa tangu Novemba 2016. Faili liwe JPEG lisizidi kilobaiti 240, pikseli 600 kwa 600 mpaka 1200 kwa 1200.

HATUA 7. Pitia kila ukurasa upya, ukiweza kesho yake asubuhi akili ikiwa imetulia. Mwisho watauliza kama kuna mtu alikusaidia kujaza, sema ukweli. Unasaini kwa kuandika namba ya paspoti, na ukishatuma hubadilishi tena. Printi ule ukurasa wa uthibitisho wenye bakodi, ndio unaoenda nao, sio fomu nzima.

Baada ya hapo unalipa ada na kupanga tarehe ya intavyuu kwa kufuata linki iliyopo kwenye tovuti ya ubalozi wenyewe. Ada ya viza hii ni dola 185 tangu Juni 2023, na hairudishwi hata ukinyimwa.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu shukrani kwa somo. Paspoti yangu majina yote yapo kwenye mstari wa ukoo, jina la kwanza hakuna kitu, naandikaje?
Jibu: Yaandike yote kwenye ukoo kama yalivyo, halafu kwenye jina la kwanza weka FNU, kifupi cha First Name Unknown, yaani jina la kwanza halijulikani. Ndiyo utaratibu wao, usiyagawe mwenyewe.

Swali: Kaka nimeshatuma ndo naona nimekosea namba ya simu ya mwenyeji, nifanyeje jamani nimepaniki
Jibu: Tulia dada. Jaza mpya, unaweza kuivuta ile ya zamani ikajaza taarifa nyingi yenyewe, unarekebisha hapo unasaini tena. Ila kumbuka namba ya bakodi inabadilika, na miadi yako lazima iwe na namba mpya, kairekebishe mapema kabla ya siku ya intavyuu la sivyo wanaweza kukurudisha mlangoni.

Swali: Mtoto wa miaka 4 naye anajaza? Au naingia naye kwenye ya kwangu
Jibu: Ana fomu yake, ada yake, picha yake. Kwa kuwa yuko chini ya miaka 16 mzazi unamsainia. Ukimaliza ya kwako, kwenye ukurasa wa asante kuna sehemu ya kuanzisha ya mwanafamilia, taarifa zinazofanana zinahamia zenyewe.

Swali: Mimi nilinyimwa kwa 214(b), naweza kukata rufaa?
Jibu: Rufaa hakuna ndugu yangu. Unaomba upya na unalipa upya. Hiyo 214(b) ni kifungu cha sheria yao ya uhamiaji, maana yake ofisa hakuridhika kwamba utarudi kwenu, kwa hiyo kama hakuna kilichobadilika kwenye kazi, familia au masomo yako, subiri kwanza. Na lile swali la kunyimwa, safari hii bonyeza ndiyo.

Swali: Nikipewa viza ya miaka kadhaa ina maana nakaa kule muda wote huo?
Jibu: Hapana, huo ni muda wa kuitumia kuingilia. Siku za kukaa unapangiwa na ofisa wa mpakani ukifika, tarehe ya kuondoka inakuwa kwenye I-94, yaani rekodi yako ya kuingia nchini kwao, itafute mtandaoni ukishatua na uiandike mahali.