Namna ya Kuhakikisha Mtutu Mwingine Unaifaa Shotgani Yako Inayojikoki

Mtutu kuingia ni jambo moja, kufaa ni jambo jingine kabisa. Kwenye shotgani ya kupampu, mkono wako ndio unaofungua bolti (kipande kinachofunga nyuma ya mtutu) na kutoa ganda. Kwenye shotgani inayojikoki, kazi hiyo hufanywa na nguvu ya risasi yenyewe, na mtutu ni sehemu ya mtambo unaoipokea nguvu hiyo. Ndiyo maana mimi kama fundi siridhiki nikiambiwa, "Mbona umeingia vizuri?"

Hatua ya 1: Hakikisha bunduki ni tupu

Toa risasi zote kwenye magazini, vuta bolti nyuma, kisha kagua chemba, yaani mwanzo wa mtutu risasi inapokaa, kwa macho na kwa kidole. Risasi hai zihamishie chumba kingine kabisa. Majaribio yote ya mezani yanafanywa kwa risasi bandia zisizo na fataki wala baruti.

Kabla hujalipa, fahamu pia sheria inayokuhusu. Umoja wa Ulaya huuhesabu mtutu kuwa sehemu muhimu ya silaha, kwa hiyo unadhibitiwa kama silaha yenyewe. Marekani ina utaratibu wa pekee kwa shotgani yenye mtutu usiofika inchi 18. Uingereza, mtutu wa shotgani ya cheti cha kawaida hautakiwi kupungua inchi 24.

Hatua ya 2: Soma kilichochongwa

Andika modeli, geji (kipimo cha upana wa tundu la mtutu) na urefu wa chemba kama vilivyochongwa kwenye mwili wa bunduki, kisha kwenye mtutu. Usiishie kwenye jina la kampuni. Remington 1100 ya geji 12 ina toleo la kawaida na toleo la magnum, yaani la risasi ndefu na zenye nguvu zaidi, na namba ya bunduki husaidia kuyatofautisha: herufi V mwishoni ni ya kawaida, M ni ya magnum. Kufunga mtutu wa magnum kwenye bunduki ya kawaida hakuifanyi bunduki hiyo kuwa ya magnum.

Angalia pia alama za majaribio ya shinikizo. Mitutu ya Ulaya huandikwa mfano 12/70 au 12/76, yaani geji na urefu wa chemba kwa milimita. Alama ya ua la yungiyungi inaonyesha kwamba mtutu umejaribiwa kwa risasi zenye nguvu kubwa za marisau (vipunje vinavyorushwa) ya chuma. Usipoiona, usiupitishie risasi hizo.

Hatua ya 3: Thibitisha chemba

Hapa ndipo macho yanapodanganya. Milimita 70 au 76 zinazotajwa kwenye risasi ni urefu wa ganda likiwa limeshafyatuliwa na mdomo wake umefunguka. Kabla ya hapo mdomo umekunjwa, ganda ni fupi. Kwa hiyo risasi ya milimita 76 huingia kwenye chemba ya 70 bila kikwazo chochote. Ukifyatua, mdomo unafungukia kwenye sehemu inayobana kuelekea mtutuni, marisau yanabanwa na shinikizo linapanda. Kwamba risasi imeingia hakuthibitishi lolote.

Mtutu wa zamani usiamini maandishi peke yake, kwa kuwa chemba huenda ilichimbwa upya na mtu. Fundi akupimie kwa kipimo cha chemba. Kwa shotgani za geji 16 za kabla ya Vita ya Pili ya Dunia upimaji ni lazima, maana nyingi zina chemba ya takriban milimita 65.

Hatua ya 4: Linganisha mfumo unaoiendesha bunduki

Hatua hii ipe muda kuliko nyingine zote.

Kwenye bunduki za gesi, mtutu una matundu madogo yanayopeleka sehemu ya gesi ya baruti kwenye pistoni inayosukuma bolti nyuma. Ukubwa na idadi ya matundu hayo hupangwa kwa kuangalia urefu wa mtutu na nguvu ya risasi. Mtutu mfupi kwa kawaida huhitaji matundu makubwa zaidi, kwa sababu marisau yakishapita kwenye matundu hutoka mdomoni upesi na gesi haipati muda. Mtutu wa magnum hupitisha gesi kidogo. Ukiulisha risasi nyepesi, bolti inarudi nusu njia na ganda linakwama. Mtutu wa risasi nyepesi ukilishwa risasi nzito una hasara mbaya zaidi, kwani bolti hupiga nyuma kwa nguvu kila mara, na mwili wa bunduki huweza kupasuka taratibu bila wewe kujua.

Mfano mzuri ni Remington 11-87 ya mwaka 1987. Inafanana sana na 1100 iliyoitangulia tangu 1963, lakini mtutu wake una valvu ya kupunguza gesi iliyozidi. Ukibadilishana mitutu ya bunduki hizo mbili, usitegemee usawa wa gesi ule ule.

Browning Auto-5 haitumii gesi. Mtutu wenyewe hurudi nyuma pamoja na bolti, ukipunguzwa kasi na springi na pete za msuguano. Hapo kagua pete ya mtutu inayopita kwenye bomba la magazini, na uhakikishe mtutu unateleza safari yote na kurudi bila kukwaruza. Mtutu wa magnum na wa kawaida wa Auto-5 usiichanganye.

Hatua ya 5: Funga, kisha kagua bolti inavyojifunga

Mtutu ukae hadi mwisho bila kupigwa nyundo, na nati ya mbele ikaze bila mtutu kucheza. Usipige msasa ili uingie. Linganisha na mtutu wa awali mkato wa kivuta ganda, mahali pa kitoa ganda, na tundu ambamo komeo la bolti hujifunga.

Nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha ganda hupimwa kwa vipimo maalumu viwili vinavyowekwa kwenye chemba: bolti lazima ijifunge juu ya kimoja na ikatae kingine. Kazi hii si ya kukisia. Kama huna vipimo hivyo, mpelekee fundi mwenye navyo.

Hatua ya 6: Risasi bandia, kisha uwanjani

Pitisha risasi bandia kwa mkono, polepole halafu kwa kasi. Kila moja ipande, iingie, ivutwe na irushwe nje.

Uwanjani, ukiwa na miwani na kinga ya masikio, tia risasi moja tu ya nguvu ndogo kati ya zile bunduki ilizotengenezewa. Okota ganda, ulikague. Likiwa limevimba karibu na kitako, limechanika, au fataki imechomoza nje, acha hapo hapo na urudishe mtutu wa zamani. Likiwa safi, tia mbili, ili uone kama ya pili inapanda yenyewe. Ganda linapoangukia miguuni pako, gesi huenda ni kidogo. Linaporuka mbali sana kuliko ulivyozoea, bolti inapigwa kupita kiasi, na mtutu huo urudi mezani kwa fundi kabla hujafyatua tena.