Kulea Mtoto kwa Vitu Vichache: Mwongozo kwa Mzazi wa Mjini

Mzazi anayetaka kupunguza manunuzi na uchafuzi unaotokana nayo aanzie kwenye pipa la taka la nyumbani. Kwa wiki moja, kabla taka hazijachukuliwa, zitenganishe na uzitazame: mabaki ya chakula upande mmoja, plastiki upande wa pili, nepi na nguo upande wa tatu. Ukishajua kinachojaza pipa, utajua pia kinachomaliza fedha. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, lakini marufuku hiyo haikugusa vifungashio vya viwandani, yaani pakiti za biskuti na sabuni pamoja na chupa za juisi. Hivyo vinazuilika tu pale mnunuzi anapoamua kutovinunua.

Kwa nyumba yenye mtoto mchanga, hatua kubwa kuliko zote ni nepi. Mtoto anayebadilishwa mara sita kwa siku humaliza pampasi 180 kwa mwezi, na kila moja ina plastiki kwa nje na chembechembe za kufyonza maji kwa ndani, ambazo haziozi kama kitambaa cha pamba. Ikitupwa mtaroni huvimba na kuziba njia ya maji. Ikichomwa uani, moshi wake unawadhuru walewale tunaotaka kuwalinda. Nepi za vitambaa ishirini na nne zinatosha kwa mzazi anayefua kila siku au siku moja baada ya nyingine, na baadaye zitamfaa mdogo wa mtoto huyo.

Ufuaji wake unahitaji uangalifu. Kinyesi kitupwe chooni kwanza, kisha nepi ilowekwe kwenye ndoo yenye mfuniko, mbali na mtoto anayetambaa, ifuliwe kwa sabuni ya mche na isuuzwe mpaka povu liishe, kwa sababu sabuni inayobaki humwasha mtoto. Usitumie dawa ya kulainisha nguo, kwani huacha utando unaozuia kitambaa kufyonza. Anika kwenye kamba palipo na jua kali, si kivulini wala juu ya majani: yuko nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake hupenya ngozi na kuota mfano wa jipu. Wakati wa masika, nguo zinapokaa siku mbili bila kukauka vizuri, zipige pasi ya moto pande zote mbili, hasa kwenye pindo. Pale ambapo maji hununuliwa kwa dumu hesabu hubadilika, na mzazi anayetumia vitambaa mchana na pampasi usiku bado amepunguza mzigo mkubwa; simlaumu hata kidogo.

Kuhusu mavazi, mitumba ni njia nzuri ya kuitumia tena nguo iliyokwisha kutengenezwa, ila bei yake ndogo humshawishi mtu kubeba tano alipohitaji moja. Nenda sokoni na orodha, vuta mishono, inua kitambaa kwenye mwanga uone kilipochakaa. Sare ya shule ishonwe kwa fundi, naye aombwe aache upindo mpana wa kushushwa mtoto anaporefuka.

Kazi ngumu zaidi ni kuongea na mtoto anayetaka kila anachokiona kwenye televisheni. Usimjibu kwamba hakuna fedha ikiwa fedha zipo, kwa sababu utakuwa umemfundisha kwamba mwenye fedha hana sababu ya kujizuia. Mweleze kwamba tangazo limetengenezwa na anayeuza. Kisha muulizane pamoja: kitu hiki kitatumika kwa kazi gani, kikiharibika nani atakitengeneza, na kikishindikana kitatupwa wapi? Kiandikeni kwenye karatasi ukutani na mngojee mwisho wa mwezi. Vingi vitakuwa vimesahauliwa. Kile anachoendelea kukitaja kinastahili kufikiriwa kwa dhati. Wewe nawe uandike vyako kwenye karatasi hiyohiyo, pamoja na simu mpya unayoitamani ilhali ya sasa inafanya kazi.

Wapo pia ndugu wanaoonyesha upendo kwa zawadi, na kuwakatalia kwa ukali ni utovu wa adabu. Zungumza nao mapema, kabla ya sikukuu: "Shangazi, nguo anazo za kutosha, ukipenda kumfurahisha, mchukue wikendi umfundishe kusuka ukili, au mletee mche wa mpapai aupande." Atakayeleta mwanasesere wa plastiki hata hivyo ashukuriwe kwa moyo mmoja, na mtoto aelezwe pembeni kwamba kitu hicho kitatunzwa, kitatengenezwa kikivunjika, na kitarithiwa na mwingine.