SOMO: Kangaga-mbuni, kutoka mtoni hadi sahanini

Ndugu zangu, leo tulishike kangaga-mbuni (Matteuccia struthiopteris), lile ambalo jani lake likikomaa hufanana na unyoya wa mbuni. Kinacholiwa ni chipukizi tu, likiwa bado limejikunja kama konokono. Huota kando ya mito mashariki mwa Kanada na kaskazini-mashariki mwa Marekani, na msimu ni mfupi: mwishoni mwa Aprili hadi mwanzoni mwa Juni.

Hatua ya 1: Litambue. Hapa usiharakishe. Pitisha ukucha upande wa ndani wa kikonyo, utausikia mfereji uliozama kama herufi U. Kikonyo hakina manyoya, na chipukizi limevikwa maganda ya kahawia, mepesi kama karatasi. Alama moja ikikosekana, liache. Kangaga la Pteridium, kwa mfano, vikonyo vyake vina manyoya na lina kemikali inayosababisha saratani kwa wanyama.

Hatua ya 2: Chuma kwa kiasi. Kila kichaka uchukue machipukizi matatu tu. Ukiyamaliza, mmea hudhoofika, na mwakani hutakuta kitu.

Hatua ya 3: Sugua maganda kwa vidole, osha kwa maji baridi mara kadhaa, kata ncha zilizopiga weusi.

Hatua ya 4: Chemsha katika maji mengi yanayotokota kwa dakika 15, au pika kwa mvuke dakika 10 hadi 12. Maji yatageuka rangi kama ya chai kavu. Mwaga yote, usiyafanye mchuzi.

Hatua ya 5: Kaanga kidogo kwa siagi na kitunguu saumu, kamulia limau. Ladha yake inakaribia asparaga.

MASWALI

Swali: Mwalimu, mimi nayapenda yakiwa bado magumumagumu. Nikiyakaanga tu bila kuchemsha?
Jibu: Usithubutu, ndugu yangu. Mwaka 1994 watu wa New York na magharibi mwa Kanada waliugua, wakitapika na kuharisha. Mkahawa mmoja ulikuwa ukiyakaanga kwa dakika 2 tu. Sumu yenyewe haikutambuliwa, kwa hiyo kinga tuliyo nayo ni moto.

Swali: Yanahifadhika kwenye friza?
Jibu: Ndiyo. Yachemshe dakika 2, mwaga maji, yapoze kwenye maji ya barafu, yakaushe, kisha yagandishe. Siku ya kupika, anza upya na dakika 15 zote. Zile 2 hazihesabiki.