Linux tulivu kwa kompyuta ya mezani ya nyumbani: kuchagua, kujaribu, kuweka

Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za mitumba hapa Mombasa hazikidhi masharti ya Windows 11, ingawa zina nguvu za kutosha. Wiki hii nimemsaidia jirani wa Kisauni kuhamisha yake, kutoka Windows kwenda Linux, mfumo endeshi wa bure, na njia tuliyopita ni hii.

1. Chagua. Mimi nasema Debian, aina mojawapo ya Linux, yenye Xfce (mazingira mepesi ya madirisha na menyu). Toleo tulivu hutoka takriban kila miaka 2, na katikati hapo programu hurekebishwa usalama na hitilafu kubwa tu, hazibadilishwi sura. Mashine ya nyumba nzima inataka hivyo: mtoto akiijua leo, mwakani ataikuta ile ile. Debian 13, ya Agosti 2025, itatunzwa miaka 5. Fedora, aina nyingine ya Linux, ni nzuri, lakini kila toleo lake hutunzwa kama miezi 13 tu, na hapa nyumbani hiyo ni kazi isiyokwisha. Anayetaka kitu kinachofanana na Windows achukue Linux Mint.

2. Pakua. Kwenye tovuti ya Debian chukua faili ya live yenye Xfce (huendesha Linux moja kwa moja kutoka kwenye flashi), si netinst, kwa kuwa netinst hupakua programu na kula bando wakati wa kusakinisha. Iandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya balenaEtcher.

3. Washa kwa flashi, ujaribu kabla ya kugusa diski. Sauti na printa ni za dakika mbili. Waifai ndiyo hula saa nzima, hasa vile vidude vidogo vya USB vya bei rahisi. Fungua terminali (dirisha la kuandika amri), andika `lsusb`, amri inayoorodhesha vifaa vya USB. Ukiona `0bda:1a2b`, kidude hakijafa: kinajifanya CD yenye dereva (programu ya kuendesha kifaa) za Windows, kwa hiyo Linux haioni waifai yoyote. Usianze kutafuta dereva mtandaoni. Chomeka simu kwa waya wa chaji, nenda mipangilio ya hotspoti, washa ya USB. Debian itapata intaneti papo hapo. Kisha:

`sudo apt update`
`sudo apt install usb-modeswitch`
`sudo usb_modeswitch -K -v 0bda -p 1a2b`

Rudia `lsusb`. Namba ikibadilika, ngoja kidogo, orodha ya mitandao itatokea. Namba ikibadilika na mitandao isitokee, basi kerneli (kiini cha Linux) haina dereva ya chipu ya kidude hicho; kwa maoni yangu badilisha kidude, au vuta waya wa mtandao kutoka kwa ruta. Dereva ya kujijengea huweza kuvunjika kerneli inaposasishwa, na aliye nyumbani hatajua la kufanya. Kumbuka pia kwamba ulichosakinisha kwenye live hupotea ukizima, kwa hiyo amri hizi utazirudia baada ya hatua ya 4.

4. Sakinisha. Hamisha picha na hati zako kwanza. Chagua ext4, mpangilio wa faili kwenye diski, maana ina jonali (kumbukumbu ya mabadiliko inayosaidia diski isiharibike) na stima yetu hukatika bila taarifa. Ukibakiza Windows kando na saa ikaanza kupishana kwa saa 3, toa amri `sudo timedatectl set-local-rtc 1`. Saa ikirudi nyuma miaka kila ukichomoa umeme, hiyo ni betri ya CR2032 kwenye bodi imekwisha. Nunua mpya mapema, kwa sababu tarehe ikiwa mbovu hata kivinjari hukataa kufungua tovuti.