Fuwele kibarazani: mawe ya kuanza nayo na watoto

Usianze na almasi. Mimi nilianza nayo, likizo ya Agosti, nikawaonyesha wanangu picha za vito kwenye simu. Dakika tano hazikuisha wameshahamia katuni.

Anza na chumvi ya mawe. Sisi wa Malindi hatuna kisingizio, maana inavunwa Gongoni na Marereni, barabara hiyo hiyo ya kaskazini: maji ya bahari yanaachwa mashambani yakauke mpaka yabaki mawe. Mpe kila mtoto punje moja na kioo cha kukuzia, muulize inafanana na nini. Wa kwangu wa miaka sita alipiga kelele, "Kisanduku!" Hapo ndipo umpe neno fuwele: kitu ambacho chembe zake zimejipanga kwa mpango mmoja unaorudiwa, kama ukili, msuko ule ule mwanzo hadi mwisho.

Sasa mkuze za kwenu. Chemsha maji kikombe kimoja, koroga chumvi mpaka ikatae kuyeyuka, chuja kwa kitambaa, gawa kwenye sahani mbili. Moja weka juani, moja kivulini. Yetu ya juani ilikauka upesi ikaacha ukoko wa punje ndogo ndogo. Ya kivulini ilichukua zaidi ya wiki, kusi nayo na unyevu wake, lakini ilitoa visanduku vya kushika kwa vidole. Usiwaambie sababu haraka. Waache wabishane kwanza, ndipo uwaeleze kwamba chembe zinataka muda wa kujipanga.

Shabu ni tamu zaidi kwa macho (si kwa ulimi, wasionje). Ni ile ya vinyozi, sokoni inauzwa vipande. Iponde, iyeyushe katika maji moto mpaka ikatae, iache ilale. Asubuhi utakuta punje chini ya gilasi. Chagua nzuri moja, ifunge uzi mwembamba, chuja yale maji, uirudishe ining'inie humo bila kugusa chini. Ikikua vizuri itakuwa na nyuso nane, mithili ya piramidi mbili zilizobandikwa kitako kwa kitako. Maji moto mimina wewe mwenyewe.

Baada ya hapo wafundishe kukwaruza. Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs alipanga madini kwa ugumu, 1 mpaka 10, almasi ikiwa juu kabisa. Ukucha ni kama 2.5. Jiwe la matumbawe lililodondoka ukutani linashinda ukucha, lakini kisu kinalichora. Kokoto nyeupe ya kwatzi, ambayo ni 7, inachora kioo cha chupa. Kisu na chupa vibaki mkononi mwako.

Kisha ndimu. Tone moja juu ya tumbawe linatoa mapovu, kwa sababu ni kalisi kaboneti, chokaa ile ile tunayojengea. Hapa nina onyo. Nilijisifu kwamba lulu nayo imeumbwa kwa kitu hicho hicho, nikaenda kuinjika chai. Niliporudi, kijana wangu mkubwa ameshakamulia ndimu kipuli cha bibi yake. Niliwahi kukiosha, ila mng'ao umefifia upande mmoja, na bibi hajaambiwa.

Jioni tulishuka ufukoni. Vimeta vile mchangani ni ulanga, madini ya magamba membamba yanayong'aa, na mto Sabaki ndio unaobeba mchanga kutoka bara. Mto huo huo huko juu unaitwa Galana, nao unapita Tsavo. Tsavo ndiyo iliyolipa jina tsavoraiti, jiwe la kijani ambalo mwanajiolojia Campbell Bridges aliligundua Tanzania mwaka 1967 kisha akalipata huku Kenya. Jina lilitolewa mwaka 1974. Hadithi hiyo waliisikiliza mpaka mwisho, simu ikiwa mfukoni.

La akiki walijifunzia kwenye pete ya babu yao: jiwe la kweli ni baridi shavuni, plastiki haina ubaridi huo. Tangu siku hiyo mgeni mwenye pete akiingia kwetu, kabla hajakaa anaombwa aivue.