Kupima mgao wa mwezi ufike siku ya mwisho

Mgao kamili wa chakula cha msaada katika kambi ya wakimbizi hupigiwa hesabu ya kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Mara nyingi hizo ni gramu 400 za nafaka, 60 za maharagwe au dengu, 25 za mafuta, 50 za unga lishe wa mahindi na soya, kisha sukari na chumvi kidogo. Familia ya watu 5 inarudi nyumbani na kilo 60 za nafaka. Gunia likijaa hivyo mkono huwa mwepesi, na wiki ya nne sufuria inachemka maji.

Tafuta kopo moja la nusu lita, na lisibadilishwe. Siku ya kupokea, toa kwanza nafaka ya kumlipa mwenye kinu kama huna pesa. Inayobaki ipime kopo kwa kopo, ukisawazisha mdomo kwa kijiti. Kopo la kilima na kopo la kusawazisha ni vitu viwili. Gawa idadi kwa 33, si 30, kwa sababu tarehe ya ugawaji inaweza kuchelewa. Yakitoka makopo 165, ni 5 kwa siku, hata akija mgeni. Mgao ukikatwa, piga hesabu upya siku hiyohiyo.

Saga ya wiki moja au mbili tu. Punje hukaa kuliko unga.

Mafuta ya msaada huongezwa vitamini A, na mwanga huiua. Chupa angavu ikae ndani ya boksi au ifungwe kitambaa. Chumvi yenye madini joto ifunikwe, itiwe chakula kikikaribia kuiva. Maharagwe yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, yachemshwe kwa maji mapya hadi yapondeke kwa vidole. Ukibana kuni ukayaacha nusu mbichi, hasa yale mekundu, yatawatapisha watu.

Uji wa mtoto ndipo wengi wanapokosea. Tumbo la mtoto wa kilo 8 hubeba takriban mililita 240 kwa mlo mmoja. Ukimjaza uji mwepesi ameshiba maji, na atakonda huku anakula. Koroga unga lishe kikombe 1 kwa maji baridi kwanza usifanye madonge, mimina kwenye maji yanayochemka, yote yasizidi vikombe 5, upike dakika 5 hadi 10. Inua kijiko: uji ushikamane nacho, usichuruzike. Ukiwa mzito mno kwa mtoto, ongeza kijiko kidogo cha mafuta badala ya maji. Aliye chini ya miezi 6 haonjeshwi. Ni ziwa la mama tu, na mama ndiye aongezewe chakula.

Chai msiinywe pamoja na maharagwe, inazuia madini ya chuma. Nyanya, limau au mboga za majani zilizopikwa muda mfupi huyasaidia.

Mtoto wa miezi 6 hadi 59 apimwe mzunguko wa mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, kwa utepe wa rangi wa kupimia utapiamlo. Chini ya sentimita 11.5 utepe unaonyesha nyekundu: mpeleke kliniki leo. Bonyeza pia miguu yote miwili kwa kidole gumba kwa sekunde 3. Shimo likibaki, ni leo vilevile, hata kama anaonekana mnene. Pakiti za gramu 92 za chakula cha tiba atakazopewa huko ni dawa yake peke yake. Ndugu zake wakimega, hesabu ya kupona inavurugika.