Maji Ndani ya Gari: Tafuta Yanakoingilia Kabla ya Kununua Silikoni

Zulia lililolowa chini ya miguu ya dereva halithibitishi kwamba maji yameingilia upande wa dereva. Maji hufuata nyaya na mikunjo ya bodi hadi yatue mahali pa chini kabisa, na kwa hiyo gari linaloegeshwa usiku kwenye mteremko wa Milimani, Nakuru, likiwa limeelekezwa mjini, laweza kulowa mbele kwa maji yaliyoingilia kwenye buti. Anayepaka silikoni mahali alipoona unyevu kwa kawaida hulazimika kuipaka tena mvua za Aprili zikishika.

Swali la kwanza ni maji ya aina gani. Bonyeza shashi nyeupe kwenye zulia, kisha uitazame na kuinusa. Ikiwa ina rangi ya kijani au ya waridi, inateleza vidoleni na ina harufu ya utamu, hiyo ni kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, inayovuja kwenye hita iliyo nyuma ya dashibodi; mara nyingi kioo cha mbele nacho huwa na utando wa mafuta na kulanti hupungua kwenye chupa yake. Kulanti ni sumu, na injini inayoipoteza huweza kuchemka, kwa hiyo mpelekee mekanika bila kuchelewa. Ikiwa ni maji safi yanayojitokeza upande wa abiria wa mbele hata siku za jua kali, shuku kiyoyozi. Katika joto lenye unyevu la Kisumu, kiyoyozi hukamua maji mengi hewani, nayo hupaswa kudondoka barabarani kupitia mrija mdogo. Ukiegesha baada ya safari na usione matone chini ya gari, huenda mrija huo umeziba na unahitaji kuzibuliwa taratibu kutoka chini.

Yakibaki kuwa ya mvua, inua zulia. Chini yake pana sponji nene inayoweza kushikilia maji kwa siku nyingi huku zulia lenyewe likiwa kavu juu. Ukilazimika kutoa viti, zima gari, ondoa waya wa betri na usubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa soketi za njano zilizo chini yake, kwa kuwa hizo ni za mifuko ya hewa ya usalama. Usiwashe swichi ya gari wakati soketi hizo hazijaunganishwa.

Jaribio la kutafuta maji yanapoingilia huhitaji watu wawili: mmoja akae ndani na tochi, milango ikiwa imefungwa, na mwingine ashike mpira wa maji nje. Maji yatiririke bila nguvu, kwa sababu mashine za kuoshea magari husukuma maji hadi mahali ambapo mvua haifiki na hivyo kukupa jibu la uongo. Anza chini, kwenye kizingiti cha mlango, kisha panda polepole hadi kwenye raba ya mlango, kioo, na mwisho paa, ukikaa kama dakika 5 kila mahali. Ukianzia paani, maji yatashuka juu ya kila kitu kwa pamoja na hutajua yalipopenyea.

Kabla hata ya jaribio hilo, fungua boneti na utazame mfereji ulio chini ya waipa. Nakuru ina mijakaranda mingi, na maua na majani yake madogo hujikusanya humo, yakaoza na kuziba matundu ya pembeni, hata maji yakajaa na kuingia ndani kupitia njia ya hewa ya feni. Toa uchafu wote kwa mkono, kisha mimina jagi la maji. Yanapaswa kutoka mara moja chini ya gari. Gari lenye dirisha la paa nalo lina mirija kwenye pembe za fremu yake. Izibue kwa uzi mnene wa nailoni wa kuvulia samaki, si kwa kompresa, kwani hewa ya nguvu huweza kuchomoa mrija kwenye kiungo chake ndani ya nguzo inayoshikilia paa.

Mlango ndio unaopuuzwa zaidi, hasa katika magari yaliyopita mikononi mwa mafundi wengi. Mvua huingia ndani ya mlango kando ya kioo kila inaponyesha, na mlango umeundwa kuitoa kupitia matundu ya chini. Kinachoizuia isifike kwenye zulia ni karatasi ya plastiki iliyogandishwa nyuma ya kava ya mlango, nayo fundi wa spika au wa mota ya kioo akiipasua, mara nyingi huirudisha hivyohivyo. Safisha chuma, igandishe karatasi upya kwa utepe wa butili, ule wa mpira laini unaonata, uhakikishe ukingo wake wa chini unaelekeza maji ndani ya mlango, na uzibue yale matundu.

Kupima raba, fungia kipande cha karatasi mlangoni ukivute. Kikitoka bila kukaza, raba imelala. Raba kuukuu kutoka gari jingine huenda nayo imelala. Kwenye buti, kagua gasketi za taa za nyuma na shimo la gurudumu la akiba.

Kioo cha mbele kilichobadilishwa vibaya sharti kitolewe, kutu isuguliwe, kisha kirudishwe kwa gundi ya poliurethani. Silikoni ya hadwea yenye harufu ya siki ina asidi inayokula chuma, na mabaki yake huzuia gundi sahihi isishike baadaye.

Rudia jaribio la mpira palepale kabla ya kurudisha zulia. Sponji ikamuliwe na kuanikwa juani hadi ikauke kabisa, na soketi za nyaya zilizokuwa chini yake zikaguliwe kutu ya kijani. Asubuhi za baridi za Nakuru, vioo vikiendelea kushika ukungu mzito upande wa ndani, kuna sponji ambayo bado ina maji.